Kumtafuta babu aliyekuwa askari wa KAR: mwongozo kamili, hatua kwa hatua

Watu wengi huanza kwa kuandika jina la babu kwenye Google. Wanakosa, wanajaribu tena kwa herufi kubwa, wanakosa tena, kisha wanahitimisha kwamba "Waingereza walichoma kila kitu". Sivyo. Wanakosa kwa sababu tatu, na zote zina dawa.

Kwanza, jina mnalotumia nyumbani leo huenda silo aliloandikishwa jeshini. Pili, orodha kubwa zaidi iliyo wazi mtandaoni ni ya waliokufa vitani, na babu wengi walirudi. Tatu, jeshi lilimjua mtu kwa namba yake na kikosi chake kabla ya jina. Kwa hiyo katika mwongozo huu namba na kikosi vinatangulia, jina linafuata.

Nimeulenga kwa King's African Rifles, jeshi la kikoloni la Mwingereza Afrika Mashariki, yaani KAR, au Keya kama wazee wanavyoiita, na vikosi vilivyofuatana nayo. Askari wa Mjerumani na wapagazi wana sehemu yao karibu na mwisho, kwani njia yao ni nyingine.

## Vitu vya kuandaa

- Daftari moja la kazi hii tu. Kila unachosikia kiandike pamoja na jina la aliyekuambia na tarehe.
- Simu yenye kamera nzuri na nafasi ya kurekodi sauti.
- Tochi, penseli laini na karatasi nyembamba.
- Kitambulisho chako, kwa ajili ya vyumba vya kusomea vya Nyaraka za Taifa.
- Majina ya zamani ya kijiji, tarafa na wilaya, na jina la chifu, mtemi au jumbe wa wakati ule. Wengi hulipuuza hili. Karatasi za kuandikishwa zilitaja kabila, wilaya na mkuu wa eneo, na mara nyingine jina la chifu ndilo pekee litakalotofautisha askari wawili wenye jina moja.

Wilaya zilibadilishwa majina. Fort Hall ni Murang'a, Thomson's Falls ni Nyahururu, Wilhelmstal ya Mjerumani ni Lushoto, Bismarckburg ni Kasanga. Kavirondo ilikuwa eneo zima la Nyanza. Ukitafuta "Murang'a" kwenye faharasa ya mwaka 1917 hutaona kitu.

## Hatua ya 1: Jua ni vita ipi

Aliyezaliwa kati ya 1885 na 1900 anaelekea vita ya 1914–1918. Aliyezaliwa kati ya 1910 na 1926 anaelekea ile ya 1939–1945. Kama hamna mwaka wa kuzaliwa, tumia rika lake la tohara au mwaka wa mtoto wake wa kwanza.

Jihadhari na maneno "vita vya Mjerumani". Mjerumani alipiganwa naye mara mbili, na wazee hulitumia jina hilo kwa vita zote mbili. Uliza majina mengine. Ukisikia Hitla, Abisinia, Mtaliano, Bukini, Bama au Mjapani, uko vita ya pili. KAR walikuwa Abisinia na Somalia mwaka 1940–1941, Madagaska mwaka 1942, kisha Ceylon, ambayo leo ni Sri Lanka, na Burma mwaka 1944–1945.

Kuna mtego mwingine, hasa kwa familia za Tanzania: Kolito. Colito ni mahali Abisinia ambapo KAR walipigana Mei 1941. Kambi ya Dar es Salaam tunayoiita Lugalo leo nayo iliitwa Colito, kwa kumbukumbu ya vita hiyo. "Babu alikuwa Kolito" yaweza kuwa vita ya mwaka 1941 au kulala bwenini Dar es Salaam mwaka 1960. Uliza kama alivuka mpaka kwenda huko, au alikuwa akirudi nyumbani kwa basi wakati wa likizo.

Umefaulu hatua hii ukiweza kutaja vita moja na angalau mahali pamoja.

## Hatua ya 2: Wahoji wazee kabla ya kugusa kompyuta

Nyaraka zitakungoja, bibi hatakungoja. Lakini usimwulize "alikuwa batalioni gani?", maana atajibu hajui na mazungumzo yatakwisha hapo. Uliza vitu alivyoviona kwa macho yake:

- Aliondokea wapi, na nani walikwenda naye kutoka kijijini?
- Alipanda lori, treni au meli? Meli ilitokea Kilindini?
- Fedha za nyumbani zilikuwa zinachukuliwa wapi, na nani alikuwa anakwenda kuzichukua?
- Alirudi na nini mwilini na mkononi? Kovu, blanketi, koti, sanduku la bati, medali?
- Nyimbo gani alikuwa akiimba pombe ikimkolea?

Swali la wenzake ndilo lenye thamani kubwa. Vijana wa kijiji kimoja mara nyingi waliandikishwa pamoja, na namba zao zikakaribiana. Ukiipata namba ya jirani, umejua kikosi cha kuanzia.

Swali la fedha nalo lina maana. Askari aliweza kuelekeza sehemu ya mshahara wake ilipwe nyumbani kupitia ofisi ya mkuu wa wilaya. Fedha zikichelewa familia zililalamika, na malalamiko yalitia karatasi kwenye jalada.

Usimsahihishe mzee anaposema jambo usiloliamini. Rekodi kama lilivyo, utalipima baadaye.

## Hatua ya 3: Soma vitu vilivyobaki nyumbani

Fungua masanduku. Unatafuta cheti cha kuachishwa jeshi, kitabu cha mshahara, medali, picha na barua. Barua za miaka ya mwanzo huenda zimeandikwa Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, kwa hiyo usizitupe ukidhani ni hirizi.

Karatasi. Zipige picha pande zote mbili, zikiwa zimetandazwa mezani kwenye mwanga wa dirisha. Usizipeleke steshenari kutiwa plastiki: moto wa mashine huua wino wa zamani na karatasi haitoki tena humo. Nakili namba ya askari pamoja na herufi zote zinazoitangulia. Bila herufi hizo, namba yaweza kumwangukia mtu wa kikosi kingine.

Medali. Usiisugue kwa majivu wala dawa ya shaba. Maandishi unayoyahitaji yako ukingoni, nayo ni membamba kama uzi. Punguza taa chumbani, shika medali kwa vidole viwili, umulike ukingo kwa tochi kutoka upande, siyo kutoka juu. Mwanga wa ubavuni hutia kivuli ndani ya herufi. Zungusha polepole. Kwenye medali ya 1914–1918 utaona namba, cheo kwa kifupi, jina, na mwisho kikosi. Pasiposomeka, funika ukingo kwa karatasi nyembamba na upitishe penseli juu yake kwa ubapa.

Zitambue hivi. Ya fedha yenye mpanda farasi na miaka 1914 na 1918, pamoja na ya shaba yenye mwanamke mwenye mabawa na utepe wa rangi za upinde wa mvua, ni za vita ya kwanza. Nyota za shaba zenye ncha sita ni za vita ya pili, na kwa kawaida hazina jina. Nyota ya Afrika inaelekeza Abisinia au Somalia, Nyota ya Burma inajieleza. Aliyekwenda Madagaska tu alistahili Nyota ya 1939–1945. Kisha kuna medali ya utumishi wa Afrika yenye kipande cha juu kilichoandikwa "Kenya". Hiyo ni ya kupambana na Mau Mau, 1952 hadi 1956, na ina jina ukingoni. Familia nyingi zimeigundua hivyo tu, mezani, mbele ya shangazi. Amueni mapema nani ataambiwa nini.

Picha. Tazama kofia na bega. Nembo ya KAR ni baragumu, mara nyingi ikiwa na namba ya batalioni. Kichwa cha kifaru begani ni Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, iliyokwenda Burma. Geuza picha: mihuri ya studio za Nairobi, Jinja au Zomba imewapa watu kambi waliyokuwa wakiitafuta.

## Hatua ya 4: Fumbua kikosi

Ukikuta "1/3 KAR", usisome theluthi. Ni batalioni ya kwanza ya kikosi cha 3 cha KAR. Namba ya kikosi inakupa nchi: 1 na 2 ni Nyasaland, yaani Malawi ya leo; 3 ni Kenya; 4 ni Uganda; 6, kuanzia vita ya kwanza ilipokuwa inakaribia kwisha, ni Tanganyika, na mwanzoni ilijazwa kwa sehemu kubwa na waliokuwa askari wa Mjerumani.

Katika vita ya pili namba ziliongezeka, lakini tarakimu ya mwisho inasaidia. Batalioni za Divisheni ya 11 zinaonyesha vizuri: ya 22 ni Nyasaland, ya 26 na 36 ni Tanganyika, ya 34 na 44 ni Uganda; ya 11 pekee inavunja kanuni, kwani ni ya Kenya. Babu wa Songea kwenye 36 KAR anaeleweka. Babu wa Songea kwenye 44 KAR, rudi ukaisome upya hiyo namba.

Na usidhani kila askari alikuwa KAR. Ukiona EAASC ni usafirishaji na ugavi, madereva wengi walikuwa humo. EAA ni mizinga, EAAMC ni matibabu, EAMLS ni kikosi cha kazi. Nyumbani wote waliitwa Keya, na mtafutaji anayeng'ang'ania KAR peke yake hatamwona babu aliyekuwa dereva wa lori.

## Hatua ya 5: Andika jina kama karani alivyolisikia

Karani alikuwa na kalamu, foleni ndefu na sikio la lugha nyingine. Tengeneza orodha ya namna kumi au zaidi za jina hilo. Athumani aweza kuwa Asumani, Othman au Osman. Njoroge huwa Joroge. R na L hubadilishana popote, H hudondoka. "Bin", "wa", "arap" na "s/o" huandikwa, huachwa au hugeuzwa kuwa sehemu ya jina.

Halafu zingatia kwamba jina lililofuata mara nyingi ni la baba yake, ambalo leo halimo kwenye kitambulisho cha mtu yeyote katika ukoo. Aliyebatizwa au kusilimu baadaye yuko kwenye karatasi kwa jina la kale. Wapo pia waliojiandikisha kwa jina la uongo ili wazazi wasiwafuate, na waliotaja kabila lisilo lao kwa kuwa maafisa walipendelea makabila fulani, Wakamba na Wakalenjin wakiwemo. Kabila lisipolingana lakini namba, chifu na kijiji vikalingana, mimi ningeamini namba.

## Hatua ya 6: Kama hakurudi, tafuta CWGC

Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ina tovuti ya bure ya waliokufa katika vita zote mbili. Kama babu alifia kitandani mwaka 1978, ruka hatua hii. Usipoteze data zako.

Njia inayofanya kazi ni hii:

1. Acha jina kwanza. Chagua vita, kisha andika kikosi, kwa mfano King's African Rifles au East African Artillery.
2. Kwenye sehemu ya maelezo ya ziada andika jina la wilaya au kijiji kwa tahajia ya zamani. Kumbukumbu nyingi za vita ya pili zina jina la baba, mke na mahali alipotoka.
3. Ndipo uweke jina. Jaribu jina la kwanza kwenye kisanduku cha jina la ukoo, kisha kinyume chake.

Kama familia inasema "alizama na meli", anza na tarehe 12 Februari 1944. Siku hiyo manowari ya Japani iliizamisha meli ya Khedive Ismail karibu na Maldivi, ikiwa na askari wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki iliyokuwa ikielekea Ceylon. Majina yao yako kwenye Mnara wa Afrika Mashariki, ndani ya makaburi ya vita ya Nairobi, Barabara ya Ngong. Waliofia Burma bila kaburi linalojulikana wako kwenye Mnara wa Rangoon, Myanmar.

Kwa vita ya kwanza, kukosa jina hakuthibitishi kwamba hakufa vitani. Ripoti ya tume yenyewe ya Aprili 2021 ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa, wengi wao Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Minara ya askari iliyoko Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam haina hata jina moja. Tume inaendelea kuongeza majina, na imeshirikiana na Jeshi la Ulinzi la Kenya kupitia karatasi za zamani za KAR. Ukiwa na ushahidi wa maandishi, waandikie. Hadithi peke yake haitatosha.

## Hatua ya 7: Nenda Nyaraka za Taifa

Kwa aliyerudi, hapa ndipo kazi ilipo. Kenya ni jengo la Moi Avenue, Nairobi. Tanzania Bara ni Upanga, Dar es Salaam. Zanzibar ni Kilimani, Uganda ni Wandegeya, Malawi ni Zomba, mji uliokuwa makao ya KAR ya huko. Uliza kwa simu masharti na ada kabla ya kufunga safari, hasa kama wewe si raia, kwani wageni hudaiwa kibali cha utafiti.

Usimwambie mhudumu "namtafuta babu yangu". Mwambie wilaya, miaka na aina ya jalada. Nairobi, majalada ya wakuu wa majimbo na wilaya yana alama kama PC/NZA kwa Nyanza, PC/COAST kwa Pwani na DC/MKS kwa Machakos. Omba taarifa za mwaka za wilaya, mawasiliano ya uandikishaji, fedha za familia, mirathi ya askari waliokufa, na orodha za walioachishwa jeshi 1945 hadi 1947. Upanga, omba pia vitabu vya wilaya.

Andika alama ya kila jalada, hata lisilo na kitu, la sivyo utalifungua tena mwakani. Na pitia magazeti wakati macho yamechoka na mwandiko: Mambo Leo la Tanganyika na Baraza la Kenya yalichapisha habari za askari, mengi kwa Kiswahili.

Mafanikio hapa mara nyingi ni mstari mmoja. Jina, namba, chifu, shilingi kadhaa zilizolipwa kwa mke. Mstari huo unatosha kufunga mnyororo.

## Hatua ya 8: Fuata kikosi mpaka London

Usitarajie jalada binafsi la babu kule Kew, kwenye Nyaraka za Taifa za Uingereza. Utakachokipata ni shajara za vita za vikosi, kwenye majalada yenye alama hizi: WO 95 kwa vita ya kwanza, WO 169 kwa Afrika Mashariki katika vita ya pili, WO 172 kwa Burma. WO 373 ina mapendekezo ya nishani za vita ya pili na hutafutwa kwa jina, kwa hiyo ijaribu kama kuna uvumi kwamba "alipewa nishani na Mfalme". CO 534 ni mawasiliano ya KAR kuanzia 1905.

Shajara hutaja maafisa Wazungu kwa majina na askari kwa hesabu. Inaudhi, lakini tarehe na mahali ni sahihi. Ukijua alikuwa 26 KAR, unaweza kumweka katika bonde la Kabaw, Burma, kwenye mvua za 1944, na mto Chindwin ulipovukwa pale Kalewa Desemba mwaka huo. Linganisha na alichosema bibi: matope, ruba, malaria. Picha za vikosi hivi unaweza kuzitazama bure katika tovuti ya Imperial War Museum.

## Kama alikuwa askari wa Mjerumani

Dalili ni vyeo. Ombasha, shaushi, sol na efendi vikisikika nyumbani Tanzania, yaelekea alikuwa Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Mjerumani. Hifadhi ya jeshi iliyokuwa Potsdam iliungua kwa mabomu Aprili 1945, na humo yalipotea mengi. Kilichobaki kiko Upanga kwenye majalada ya Kijerumani yenye alama G, na Berlin kwenye R 1001 ya wizara ya makoloni.

Madai ya mishahara ni njia nzuri kuliko inavyodhaniwa. Ujerumani ililipa malimbikizo katika miaka ya 1920, na tena miaka ya 1960 ikawalipa wazee waliobaki. Bayume Mohamed Husen, mzaliwa wa Dar es Salaam aliyefia kambi ya mateso ya Sachsenhausen, Ujerumani, mwaka 1944, anajulikana leo kwa sehemu kwa sababu alikwenda Berlin kudai mshahara wake na wa baba yake, na madai huacha karatasi.

## Kama alikuwa mpagazi

Ni kazi ngumu zaidi. Wapagazi walipewa namba na hati za vidole, lakini orodha zilizobaki ni pungufu. Anzia kwenye taarifa za wilaya za 1914 hadi 1919, ambako kuna idadi ya waliochukuliwa kwa kila chifu, na kwenye karatasi za Oscar Watkins, aliyeongoza kikosi cha wapagazi. Wakati mwingine utathibitisha kwamba kijiji kilitoa watu mwaka fulani, na jina la babu litabaki kwenye kinywa cha familia tu. Liandike hivyo hivyo, kwa uaminifu.

## Kupima ulichopata

Usitangaze kwenye kundi la WhatsApp la ukoo mpaka uwe na vitu vitatu vinavyokubaliana kutoka sehemu mbili tofauti. Mfano: namba na kikosi kutoka kwenye medali, wilaya na chifu kutoka kwenye jalada. Jina na vita peke yake havitoshi, kwa sababu kina Juma bin Ali walikuwa wengi.

Habari za fidia zitakufikia tu. Kuna watu watakaokuambia ulipe ada ya fomu ili familia ilipwe fedha za KAR na Uingereza. Usilipe, na usimpe mtu medali halisi wala cheti halisi "akashughulikie". Kama mjane wa askari bado yuko hai, wasiliana moja kwa moja na chama cha askari wa zamani, DEFOCA kwa Kenya au Tanzania Legion kwa Tanzania, ukiwa na nakala za karatasi mkononi.